Mkwe Aliyenipa Mgongo Kampala

Wenzangu wa kusuka ukili, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusunusu. Mliniona naondoka nimejifunga kibwebwe, nawaambia narudi na Saumu aje ajifungue hapa Tanga, kama mimi nilivyojifungua kwa mama yangu. Mkaniona nashuka stendi peke yangu. Basi nimeandika yote, msomeane wenyewe, maana Bi. Tatu akinisimulia mimi huwa anaongeza chumvi mpaka sijijui.

Mnajua Saumu ndiye mwanangu wa pekee. Ndoa yake ilifungwa Kampala mwaka jana nami sikwenda, nilikuwa namuuguza marehemu mama. Ami yake ndiye aliyekwenda kumwozesha, akarudi na sifa za biriani, na juu ya mkwe akawa na neno moja tu: "Mpole." Mpole! Hata paka ni mpole akishiba.

Kwa hiyo nilipofunga mizigo nilikuwa na nia moja. Mimba ilikuwa ya miezi saba, wakati wa mwisho wa mtu kupanda basi. Nikimkuta huyo Siraje ni mtu wa maana, nitamwomba ruhusa kwa adabu nimchukue mkewe. Nikimkuta si mtu, nitamchukua mwanangu bila kuomba.

Tanga mpaka Eldoret

Ya Mombasa na Nairobi sina la kusema, nililala. Niliamshwa na ukimya. Alfajiri, kabla ya Eldoret, mkanda wa injini ulikuwa umekatika na basi limeegeshwa kando ya shamba la mahindi. Dereva akasema nusu saa. Tulikaa saa nne na ushei.

Ile baridi sijapata kuiona. Mimi na buibui langu na kandambili, meno yanagongana. Jirani yangu kitini, Mkenya mmoja anayeitwa Wafula, muuza viatu aliyeishi Kampala miaka mingi, alivua sweta lake akanipa bila kuulizwa, kisha akaenda akarudi na chai ya maziwa na hindi la kuchoma. Tulikula tumesimama juani.

"Mama, huko utapenda," akaniambia. "Lakini wale watu wana heshima mpaka inachosha. Mimi nikienda dukani kununua kiberiti, kwanza ni salamu dakika tano."

"Heshima haichoshi, baba. Labda wewe una haraka."

"Haya," akasema, akacheka. "Utajionea."

Eldoret mpaka Bukoto

Ukishavuka mpaka, nchi inakuwa kijani mpaka macho yanapumzika. Tukavuka Mto Nile pale Jinja, abiria wote tukajazana madirishani, kisha mbele kabla ya Mukono basi likasimama mahali panapoitwa Namawojjolo. Kabla halijatulia, madirisha yalijaa mikono: kuku wa kuchoma kwenye vijiti, ini, na ndizi tamu za kuchoma wanazoziita gonja. Nilinunua gonja moja kwa tahadhari. Nikaongeza mbili kwa pupa.

Kampala tuliingia jua likiwa limeelekea magharibi. Saumu alikuwa amesimama stendi na tumbo lake, nikamkumbatia mpaka akalalamika. Nyuma yake, mbali kama hatua kumi, palikuwa na kijana mrefu mwembamba. Nikajua ndiye. Nikamnyooshea mikono miwili, uso wote kicheko.

Akachuchumaa. Akasema maneno fulani akiitazama lami, akanyanyuka, akarudi nyuma. Nilipotua begi langu chini ndipo akalifuata, akalichukua kwa ncha ya mkanda, akaenda kulitia kwenye gari alilokuwa amekodi. Mimi na Saumu tukapanda. Yeye akapanda pikipiki ya kukodi akatufuata nyuma.

"Anaogopa magari?" nikauliza.

"Mama, huku kuna—"

"Usianze kumtetea. Hata hatujafika."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na naliandika mwenyewe msije mkasema nimelificha. Mwanangu alifungua mdomo mara nyingi siku zile, na kila mara nilimfunga.

Bukoto

Nyumba yao iko mtaa wa Bukoto, ghorofa ya tatu, chumba na sebule, safi, na dirishani unaona vilima vimepangana mpaka mwisho wa macho. Siraje alitua begi mlangoni, nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nikangoja arudi tule. Hakurudi.

"Analala Kawempe kwa rafiki yake," Saumu akasema, macho kwenye sahani. "Mpaka utakapoondoka."

Jamani, niambieni ninyi. Mke ana mimba ya miezi saba, mume halali nyumbani kwa sababu mama mkwe amekuja? Kwetu pia mkwe tunamheshimu, lakini heshima yetu inakaa sebuleni, inakunywa chai, inauliza habari za wajomba. Nilikasirika mpaka usingizi ukachelewa. Nikaapa mbele ya begi langu kwamba Jumatatu tunaondoka wawili.

Kilichonipoza ni chakula. Asubuhi palikuwa na katogo, ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na utumbo wa ng'ombe, laini, na pilipili kidogo. Mchana Saumu akafungua jani la mgomba lililofungwa kama bahasha, mvuke ukapanda, ndani yake kuku na uyoga katika rojo ya karanga. Wanaita luwombo. Jani wanalibabua motoni kwanza, na ile harufu ya moshi inaingia mpaka kwenye mfupa. Nililamba vidole mbele ya mwanangu bila haya.

"Umejifunza kupika, Saumu," nikamwambia. "Mikono hii ingekuwa Tanga tungefungua hoteli."

Akainama. Nikadhani anaona aibu ya kusifiwa.

Port Bell

Ijumaa baada ya sala tulikwenda kula samaki ziwani, kule Port Bell. Ni mpango wa Siraje, Saumu akasema. Ametulipia kila kitu. Sato mzima amekaangwa amekauka, mkia umesimama, ametandikwa vitunguu na ndimu. Nyuma yetu mabehewa ya treni yalikuwa yanasukumwa taratibu kuingia tumboni mwa meli, treni inasafiri kwa maji, nikasimama na mfupa mkononi kuangalia. Nilipenda kila kitu pale. Nilipenda hata wahudumu, wanaopiga magoti kukunawisha mikono, mpaka nami nikapiga goti kumjibu mmoja wao, tukabaki wote wawili chini na birika katikati.

Halafu nikamwona. Meza ya nne kutoka kwetu, peke yake, na sahani yake. Ametupa mgongo.

"Saumu. Yule si mumeo?"

"Ndiye, Mama. Lakini sikiliza, huku mkwe na—"

"Nimeshaona. Macho yangu hayana haja ya mkalimani."

Nikala samaki wangu wote. Hasira yangu haijawahi kunizuia kula.

Kawempe

Jumamosi tulikwenda kununua vitu vya mtoto. Nguo tulichagua mitumba michache mizuri, vishati vinne tu, na kwa wauzaji wale nilipatana bei bila huruma. Lakini ninyi mnajua kanuni yangu. Kitu cha mkono sikipunguzii bei, na sikinunui mpaka nimwone aliyekitengeneza. Nimesuka mikeka maisha yangu yote. Najua maumivu ya mtu kukugeuzia kazi ya wiki mbili na kusema, "Punguza kidogo."

Saumu akanipeleka Kawempe kwa Mama Zamu, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za wakoloni. Anasuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Nikageuza moja nyuma nitazame mafundo, na yeye akanitazama ninavyogeuza, akasogea akanipa nafasi kwenye jamvi lake.

"Wewe pia nasuka," akasema.

"Ukili. Tanga."

Tukakaa saa nzima, Saumu akiwa amekwenda kumalizia nguo. Akanifundisha anavyofunga duara la katikati, nikamfundisha ninavyoficha mwisho wa uzi. Nikachagua kawa moja tu, nyekundu na nyeusi, nikampa bei aliyotaja. Ndipo akauliza, "Mukwe yako umemuona?"

"Nimeuona mgongo wake. Uso bado."

Mama Zamu akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Hakai na wewe? Halali nyumba? Hakushiki mukono?"

"Kumbe unamjua!"

"Yeye hapana. Najua Baganda." Akaokota sindano yake. "Mama, rudi, uliza mutoto yako. Mimi si Muganda, siwezi kusemea watu heshima yao."

Mtu mwenye akili angeuliza njiani. Mimi nilikaa kimya, kiburi kimenijaa, nikijiambia kama kuna la kuelezwa basi aje anieleze mwenye mgongo.

Ukumbini

Jumapili Saumu alikata tiketi za mchezo wa kuigiza. Saa tisa alasiri, wakasema. Saa tisa tulikuwa watu wanane na paka. Tukanunua karanga. Saa kumi ukumbi ukaanza kujaa, akina mama wamevaa magomesi, magauni yao marefu ya kung'aa, mabega yamechongoka, mishipi mikubwa ya hariri. Saa kumi na moja kasoro ndipo taa zikazimwa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Viti vyetu vilikuwa nyuma kabisa. Nikasema macho yangu hayafiki, nikahamia safu ya mbele. Saumu akanishika mkono, "Mama, tukae huku huku," nikampita, naye akanifuata.

Mchezo ulikuwa wa Kiganda, lakini mchezo mzuri haukufungii mlango. Ndugu watatu, mama yao amebaki mjane, na kila mmoja ana sababu nzuri sana kwa nini mama hawezi kukaa kwake. Mmoja nyumba ndogo. Mmoja mke mkali. Mmoja yuko "safarini" siku zote. Watazamaji hawanyamazi! Wanawazomea waigizaji, wanawauliza maswali, na waigizaji wanawajibu papo hapo. Mama mmoja nyuma yangu alisimama akapaza sauti, na Saumu akanitafsiria: "Anasema, mleteni kwangu, nina chumba!" Nikampigia makofi.

Kati ya onyesho na onyesho alipita mzee mwenye ndevu nyeupe na kanzu iliyochanika, akipiga zeze la uzi mmoja. Uzi mmoja tu, wenzangu, lakini ulilia kama mtu mzima. Aliimba juu ya mtu aliyezunguka mji mpaka akajua milango yote, ila mlango wa mama yake ameusahau, na siku aliyoukumbuka alikuta umefungwa kwa nje. Saumu ananong'ona maneno sikioni mwangu na mimi machozi yananitiririka. Mnajua mama yangu amefariki mwaka huu. Sikulia hivyo hata siku ya maziko.

"Yule mzee," nikamwambia Saumu, "yule ndiye mwanamume. Angekuwa mumeo ni mtoto wa mtu kama yule!"

Saumu akafunika uso.

Basi nikafanya ambalo kila mmoja wenu angefanya. Nilikuwa na doti mpya ya kanga kwenye mkoba, bado haijakatwa, nimeibeba makusudi kumtuza mtu wa jukwaani. Nikainuka. Nikaenda kwa madaha kama tuendavyo kwenye taarabu, kanga juu ya mikono miwili, bega hili na bega hili. Nikapanda vile vidaraja vitatu. Nikamwendea nimtandike mabegani.

Mzee akarudi hatua mbili. Nikasogea mbili. Akarudi tatu, zeze limeacha kulia. Ukumbi ukaanza kucheka. Nikadhani ni utani wa jukwaani, nikaongeza mwendo. Akazunguka kiti, nami nikazunguka. Akakimbilia mlango wa makaratasi, ukamwangukia, ndevu zikamtoka zikaning'inia sikio moja, na chini ya ndevu palikuwa na uso wa kijana mrefu mwembamba, macho yamemtoka kwa hofu.

"Mama!" Saumu alikuwa amefika chini ya jukwaa, ameshika tumbo. "Mama, mwache! Usimguse! Ni Siraje!"

Kicheko kikakatika. Halafu mtu mmoja akasema "Nnyazala," mama mkwe, na neno likaruka kutoka kiti hadi kiti mpaka mlangoni.

Saumu akapanda, akanishika kiwiko, na kwa mara ya kwanza sikumkatiza. Waganda, akaniambia, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawakai chumba kimoja, hawapandi gari moja. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu umempa kitu ambacho hakuna anachoweza kukulipa. Na wanaamini anayeivunja anapatwa na ugonjwa, mikono inamtetemeka mpaka anakufa.

"Anapiga zeze, Mama," Saumu akasema, naye sasa analia. "Mikono ndiyo kazi yake. Nilitaka umsikie kwanza akiwa mzee, kabla hujamkasirikia tena."

Nilisimama pale juu mbele ya watu wale wote na aibu ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Siraje alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia. Nami sikujua nishuke au nipotee. Ndipo zeze likaanza tena, huko huko nyuma ya pazia, polepole, wimbo uleule alipouachia.

Nikaiweka doti sakafuni, katikati ya jukwaa. Nikarudi nyuma, hatua kumi nzima, nikahesabu. Akatoka ameinama, akaichukua kwa mikono miwili, akajitanda begani, akaendelea kuimba na ndevu zikiwa bado sikioni. Vigelegele vya akina mama wale, Bi. Tatu, hata ukiongeza chumvi huvifikii.

Pazia la mlango

Asubuhi ya Jumatatu begi langu lilikuwa limefungwa. La Saumu lilikuwa wazi kitandani, nusu nguo ndani, nusu nje. Siraje alikuja akasimama kwenye ngazi, mlango umeachwa wazi na pazia limeshushwa katikati yetu.

"Mama, habali ya kuamka."

"Njema, baba."

"Mama, mimi sijui Kiswahiri muzuli. Lakini kama Mama anasema Saumu aende Tanga, aende. Mimi nitabaki, nitakuja kuona mutoto. Mwambie tu mutu wa pale amupikie ndizi laini. Anatapika akisikia halufu ya ndizi mbichi."

Nikamgeukia Saumu. "Unatapika? Na katogo yangu ya kila siku nani anapika?"

"Anapika yeye, Mama. Kawempe. Analeta na pikipiki kabla hujamaliza kusali." Akafuta pua. "Na luwombo. Yote."

Nilikaa kwenye kochi. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuja kumpima mtu, na siku zote hizo nilikuwa nimeshiba kwa mkono wake. Halafu nikakumbuka kwamba kuna mtu mmoja sijamuuliza kabisa, si kwa simu, si kwa uso.

"Saumu, wewe unataka kuzalia wapi?"

Akashika tumbo lake. "Hapa, Mama. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Iliniuma. Sitawadanganya, iliniuma sana, kwamba mwanangu ananiogopa. Nilikuwa nimeshaandaa chumba, nimeshasuka mkeka wa mtoto, nimeshamwambia kila mtu mtaani. Nikaangalia lile begi lililo wazi, nikachukua nguo zake moja moja, nikazirudisha kabatini.

"Baba," nikasema kwa pazia, "mkeo nakuachia. Mtunze hivyo hivyo."

Nilisikia tu amekaa chini kwenye ngazi.

Kurudi

Basi la kurudi halikuharibika hata kidogo, kwa hiyo halina hadithi. Nilirudi na kawa yangu mapajani, na mliponiona nashuka peke yangu mkanihurumia, nami nilijihurumia zaidi. Wiki zile zilikuwa ndefu. Kila simu ikilia moyo unaruka, na mchana nikisuka nilijiuliza kama nimefanya heshima au nimefanya ujinga kumwacha mjukuu wa kwanza azaliwe mahali ambapo sipo.

Juzi asubuhi nilikuwa naloweka ukili. Simu ikalia, namba ya Siraje, ambaye hakuwahi kunipigia.

"Mama. Saumu amezaa. Mutoto musichana. Wote wazima."

Nikashukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nikauliza uzito, nikauliza nywele, nikauliza kama amenyonya. Akanijibu yote. Kisha akasema, "Mama, asante kuzaa."

Nikacheka. "Baba, furaha imekuchanganya. Aliyezaa ni mkeo. Mshukuru yeye."

"Yeye nimeshukulu tayali," akasema. "Sasa nashukulu wewe. Wewe ulizaa yeye."

Saumu ana miaka ishirini na sita, na tangu nimzae hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa hilo. Nilimwambia asikate simu, nikaiweka juu ya mkeka, nikarudi nyuma hatua kumi nzima, nikalia.